Aliyekuja Kujiandikisha na Bunduki ya Babu

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa hivi, mkimaliza mnisikilize. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Ibra, Omani, sebuleni mwangu, mchana wa jua kali, na hasira yake haijanitoka mpaka leo.

Mimi mtu wa ndani. Mke wangu husema nikifa nitazikwa na godoro langu, maana kutubandua itakuwa tabu. Basi shemeji yangu Khalfani, mume wa dada yangu, alipozua shindano la shabaha kwa bunduki za kale za marisau, akaona pa kuandikishia watu ni kwangu. "Wewe si huendi kokote!" Ningebisha nini? Akaipiga picha bunduki ya marehemu babu iliyotundikwa ukutani kwangu, akaisambaza kwenye simu za watu kutoka Sur mpaka Nizwa, na sauti yake ikinadi: "Kila aliyewahi kushika bunduki ya babu yake na aje, popote alipo!"

Popote alipo. Mdomo ule!

Alkhamisi moja baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala, akaingia mtu. Kilemba kimechakaa, ndevu mpaka kifuani, bunduki begani. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea tu, maana wengi hapa hawaijui. Akajibu taratibu:

"Marahaba, Bwana Godoro."

Niaminini. Jina hilo aliniita mtu mmoja tu duniani, mjomba Sefu, mdogo wake mama. Naye alichukuliwa na mafuriko kule Wadi Bani Khalid miaka mingi nyuma, akazikwa hukohuko siku ileile. Mama hakuuona uso wake. Tangu hapo wanawake wa mtaani wakinong'ona kuwa hakufa, ni mughayyab, amefichwa na wachawi, na kilichozikwa ni gogo la mtende.

Nikageuka kutazama ukutani. Msumari mtupu. Bunduki ya babu ndiyo ile begani mwake.

Nikafanya nini? Nikammiminia kahawa! Sisi hata mzimu tunaukirimu kwanza. Akanywa, nikamimina, akanywa tena. Hakutikisa kikombe kuonyesha kuwa imemtosha. Na macho hayapepesi.

Mama akatoka chumbani, akamwona, akashika ukuta. Hakupiga kelele. Aliniinamia sikioni: "Usimwache aondoke, mwanangu. Aliyefichwa akionja chumvi tu, hurudi kwa watu wake." Akakimbilia jikoni, yeye wa kutembelea fimbo. Mbele yetu palikuwa na tende na kahawa. Chumvi ungeipata wapi hapo?

Ndipo Khalfani akaingia, kanzu imepigwa pasi, simu mkononi. Yeye alioa kwetu baadaye, hakumjua mjomba.

"Karibu, ammi, mzee wangu! Kitambulisho kiko wapi?"

Mgeni akaninyooshea kikombe, nikamimina.

"Na kibali cha bunduki?"

"Shemeji, mwache," nikasema. "Huyu mjomba..."

"Mjomba wako, mjomba wangu, sheria ni sheria. Unataka wanifungie shindano? Ammi, kalete karatasi zako kwanza, kisha urudi. Yallah!"

Mgeni akakitazama kikombe. Akakitikisa, akanirudishia, akatoka.

Mama akatokea na sahani ya sambusa, mafuta bado yanachemka juu yake. Tulikimbia nje, hata mimi, ndiyo, nilikimbia! Kichochoro kirefu, kuta pande zote mbili, hakuna mtu wala nyayo. Tuliporudi, bunduki iko msumarini mwake, mtutu una moto na unanuka baruti. Ilipigwa na nani? Tangu babu afe haijatiwa risasi.

Shindano lilifanyika, watu wakashangilia, Khalfani akapigwa picha. Kwake yeye, alikuja mzee mmoja asiye na karatasi, basi. "Mengine uliota, Bwana Godoro," huniambia, na kucheka. Jina alilonipa mjomba wangu, mdomoni mwake!

Mama hamjibu hata salamu. Kila Alkhamisi, watu wakilala, hukaanga sambusa za chumvi nyingi, akakaa nazo mlangoni. Jioni tunazila sisi, hakuna anayethubutu kusema zimezidi. Na godoro langu nimelihamishia ukumbini, karibu na mlango.

Nanyi mnaopenda kunadi, chungeni mnamwita nani. Akikujia mgeni, usimpe tende ukaridhika. Mpe chenye chumvi, usimame mpaka ameze. Karatasi ataonyesha akishashiba.