Nilimwambia Upepo Ulikuwa Mkali, Sikusikia

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Same ni mji mdogo na sisi Wapare tunajuana mpaka mbuzi. Nina miaka thelathini na nne, ni fundi cherehani hapa mjini, kwetu ni huko juu milimani. Sijaolewa na sina mtoto.

Nina rafiki, nimwite Doris, ni Mchaga. Tumepanga nyumba moja mwaka wa tisa huu. Wachaga na Wapare ni watani, kwa hiyo hatujawahi kuongea kama watu wenye akili. Asubuhi ananiuliza kesi yangu na jirani imefika mahakama gani, eti Wapare tunapenda kesi; mimi nikimwona naficha pochi, eti Wachaga wanapenda hela. Jumamosi tukipata nafasi, sisi na mwenzetu Halima tunashuka bwawani Nyumba ya Mungu kula samaki wa kukaanga na kupiga picha ufukweni. Ndiyo bahari yetu sisi wa huku.

Miaka saba iliyopita nilikuwa na mchumba, mtu wa Kanda ya Ziwa. Alifika mpaka kwa mama, akala makande, akaomba aongezewe. Tukakaa kusubiri barua ya posa. Badala ya barua ikaja simu: "Nyumbani wamekataa. Naomba usiniulize." Akabadilisha namba. Nililia mpaka nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mama alifikia hatua ya kuyalaumu makande yake. Na aliyekuwa ananibembeleza nile alikuwa Doris.

Sasa Jumamosi iliyopita, Halima akabaki ufukweni na samaki kwa sababu anaogopa maji. Mimi na Doris tukapanda boti tuzunguke kidogo. Ghafla ukavuma upepo, mawimbi yakawa yanaingia ndani, mwenye boti anatufokea tukae chini. Nilijua tumekwisha. Doris akaning'ang'ania shingoni, akawa anapayuka sikioni kwangu:

"Nisamehe! Shangazi yake yule mchumba wako alikuja kuniuliza habari zako! Nikamwambia mchukueni huyo Mpare, ila ana watoto wawili kawaficha kwa bibi yake milimani! Nilikuwa nakutania! Nilidhani atacheka!"

Hakucheka. Watu wa Kanda ya Ziwa hawana utani na sisi, huyo shangazi angejuaje? Alilibeba neno kama lilivyo, akaenda nalo kwao. Doris naye akaogopa kumkimbilia amweleze, akanyamaza miaka saba.

Tulifika salama. Halima akatufunga kanga huku akitusema. Doris akaniangalia kwa wizi, akauliza, "Kule majini, ulisikia nilichokuwa nasema?"

Nikamjibu, "Upepo ule, ningesikia nini?"

Nikamwona anavyoshusha pumzi. Akaagiza samaki, akamla mpaka kichwa. Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema mambo ambayo hayarudi.

Kinachonitesa ni kwamba Doris anaolewa mwezi ujao. Mimi ndiye matroni wake, na gauni lake nalishona mimi. Juzi alikuja kulijaribu kwenye kibanda changu cha kushonea. Nimepiga magoti, pini mdomoni, napanga pindo, yeye akaanza: "Shona vizuri Mpare wewe, siku ukiolewa wewe, na mimi nitakusimamia." Nikacheka. Jamani, nilicheka kwa mazoea, pini zikadondoka. Alipoondoka nikafunga mlango nikalia kama mtoto.

Nina hasira naye, na bado nampenda. Nikimwambia nilisikia, naivuruga harusi yake na nampoteza mtu niliyemzoea kuliko ndugu. Nikinyamaza, nitasimama kanisani pembeni yake nikitabasamu wakati moyoni namlaani, na hilo nalo naliogopa. Yule mwanaume ameshaoa, ana familia yake, simtaki wala simtafuti. Ila inaniuma kwamba mpaka leo, huko aliko, anaamini mimi ni mwongo niliyeficha watoto.

Gauni limebaki vifungo tu, na Jumamosi hii anakuja kulichukua. Ndugu zangu, mngekuwa nyie, mngemwambia mlisikia, au mngemfunga vifungo mkakaa kimya? Nishaurini, maana kila nikishika sindano naishia kuiweka chini.