Mawimbi Yanayomezana

Usiku ule nililala nimenuna, nimeupa ukuta mgongo, kwa sababu nyuma ya ukuta jirani yangu Kibwana alikuwa anapiga muziki wangu.

Niliutengeneza humu humu chumbani, maana mimi kutoka nje ni mpaka nyumba iungue. Nilimwaga chumvi kwenye sinia la mama, nikaliweka juu ya spika. Kila sauti ikachora umbo lake, na kila umbo nikaligeuza mdundo. Kibwana akaja kusikiliza, akanakili, akatangaza ni wake. Kesho yake angeupiga ukumbini, mbele ya watu.

Usingizi ukanibeba, nikajikuta darasani kwa Mwalimu Mkude, mwalimu wetu wa fizikia, tuliyemzika. Ndiye aliyetuonyesha jinsi chumvi inavyochora sauti. Koti lake bado lina vumbi la chaki.

"Ungali ndani tu, kama godoro?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Shikamoo yako weka. Nani kaiba chumvi yangu?"

Nikamtaja. Darasa limeshakuwa ukumbi. Kibwana yuko jukwaani, ananinyooshea kidole. "Nani atakuamini wewe? Hata dukani unatuma watoto!" Ukumbi mzima unacheka, nami nimevaa msuli wa kulalia. Ndoto hazina adabu.

Mwalimu ananipa ncha ya kamba, nyingine anashika yeye. Anatikisa, natikisa. Wimbi lake linakuja limepanda, langu linakwenda limeshuka, na pale yanapokutana kamba inanyooka, tuli, kama haijaguswa na mtu.

Jukwaani besi inakufa. Kibwana anaongeza sauti, jasho linamtiririka, spika zinatoa kimlio cha mbu. Sasa wanamcheka yeye. Naona raha mpaka naona aibu, kisha aibu inaisha, raha inabaki.

"Spika moja isukume, nyingine ivute, sauti zimezane," Mwalimu ananong'ona. "Waya mwekundu uchomeke kwenye tundu jeusi. Ukigeuza kwenye spika moja tu, inatosha." Anatabasamu. Alipokuwa hai sikuwahi kumwona akitabasamu.

Niliamshwa na ukuta kugongwa.

"Kaka! Umeamka? Njoo basi unisaidie kuunga nyaya za spika kule ukumbini. Mimi hayo mambo siyawezi, bwana."

"Nakuja, ndugu yangu. Usiguse kitu."

Nikatafuta viatu. Mama alinikuta mlangoni nikifunga kamba, akashika kifua.

"Wewe, unatoka? Kuna msiba?"

"Bado, mama."