Sakafu ya Kahawa na Magurudumu Madogo

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nikikosea huwa natafuta kwanza wa kumlaumu. Safari ile nililaumu shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa kwenye kona ya sakafu ya kuanikia kahawa, nyumbani kwa mama huko Muleba. Baba aliijenga sakafu ile mwenyewe, pana na laini, katikati ya migomba. Baba hayupo tena. Tangu tumzike, mama hakuanika kahawa. Iliiva, ikadondoka, ikaozea chini ya mibuni, naye akakaa barazani akitazama mbele tu. Ndizi akila vipande viwili, siku hiyo amekula. Niliogopa. Niliona kabisa kwamba anamfuata mumewe.

Nikaamua kumpelekea mjukuu wakati wa likizo, angalau pawe na kelele pale nyumbani. Binti yangu alikuwa amewaona vijana wakiteleza kwa viatu vya magurudumu kando ya ziwa, Bukoba mjini, na tangu hapo alikuwa haongei kingine. Kwetu Nshambya njia ni changarawe tupu, lakini sakafu ya babu yake ingemfaa. Nikaenda kwa fundi baiskeli wa Kitendaguro, ambaye huuza pia viatu hivyo vikitokea kwenye mitumba.

"Vya kutelezea wapi, dada?" akaniuliza.

"Chini. Kwani watu wanateleza wapi?"

Akacheka, akanieleza taratibu. Fremu fupi inageuka upesi, ndefu inakwenda moja kwa moja. Magurudumu manne madogo ni ya sakafu laini. Matatu makubwa ni ya barabarani, yanapita juu ya kokoto kana kwamba hayakuziona. Ila buti, akasema, lazima likushike kisigino, maana mguu ukicheza ndani umeanguka.

Hapo nikajifanya mjuaji. Kwetu mtoto hanunuliwi kiatu cha mwaka huu, hununuliwa cha mwakani. Mimi mwenyewe nilipokea Komunyo ya Kwanza pale Kashozi nikiwa nimejaza majani makavu ya mgomba mbele ya viatu, nikitembea kama bata, na picha ipo. Binti anavaa namba thelathini na sita, nikachukua thelathini na tisa, fremu fupi, magurudumu madogo.

"Atakua," nikamwambia fundi.

"Ataanguka kwanza," akajibu. Nikamwambia auze viatu, mahubiri awaachie mapadri.

Asubuhi za Muleba ukungu hulala kwenye migomba mpaka jua lichoke kuungoja. Binti alikuwa akizunguka humo ndani na mimi simwoni, namsikia tu. Magurudumu yalisema polepole, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili, kisha kwenye kona yakagonga: tak. Mzunguko mwingine, tak. Nilisinzia mlangoni nikaota baba anapasua kuni. Nilipofumbua macho, mama alikuwa amegeuza uso kuelekea konani, na mikono yake imetulia mapajani.

Kisha binti akaanguka. Akainuka, akaanguka tena pale pale konani, goti likachubuka. Nikasema shimo hili leo litanijua. Nikachanganya saruji kwenye karai.

"Acha."

Mama alikuwa ameshuka barazani. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akikanyaga sakafu ile. Akachuchumaa, akapangusa matope kwa ncha ya khanga, na ndani ya shimo vikatokea vidole vitano na kisigino.

"Siku baba yako anamaliza kazi alikimbia kuniita nije nione," akasema. "Akasahau saruji bado ni mbichi. Nilimcheka wiki nzima. Kila nikianika, buni zinabaki humo, nazitoa kwa kidole."

Nililia na karai langu mkononi. Miaka yote ile nimecheza juu ya unyayo wa baba na sikuujua.

Kesho yake nilirudi mjini, nikiwa nimepata jibu langu: magurudumu makubwa. Yatapita juu ya unyayo, unyayo utabaki, mtoto hataanguka. Fundi akafunga fremu ndefu ya magurudumu matatu makubwa kwenye buti zile zile, nami nikarudi Muleba kifua mbele.

Binti akateleza. Konani akapita kimya kabisa. Mzunguko wa pili, kimya. Mama akasimama barazani.

"Mbona simsikii?"

"Nani, mama?"

"Baba yako. Mtoto akipita pale, yeye alikuwa anabisha hodi. Sasa mtoto anampita tu."

Nikageuka kumtazama binti. Papo hapo akaanguka upande wa pili, ambako hakuna shimo lolote. Mama akaenda, akamvua kiatu, akaingiza vidole vyake vitatu nyuma ya kisigino, na bado nafasi ikabaki.

"Waitu, mwanangu, baba yako hajamwangusha mtu," akaniambia. "Umemvalisha mtoto viatu vya mtu mwingine. Halafu mrudishie magurudumu madogo."

Nilikwenda kwa fundi mara ya tatu. Akaniletea namba thelathini na sita, akakaza fremu fupi, huku midomo yake ikicheza. Nikamwambia acheke tu, ni haki yake.

Safari hii kisigino kilishikwa. Binti alizunguka asubuhi nzima kwenye ukungu bila kuanguka, na kila alipofika konani, tak. Mama alikuwa na sahani ya ndizi mapajani. Kila mlio aliuitikia kwa sauti ndogo ya kooni, kama alivyokuwa akimwitikia baba akitoka shambani, kisha anakula kipande kingine. Nilihesabu vipande mpaka nikaacha kuhesabu.

Siku ya nne tangu hapo mama alichukua kikapu akaingia kwenye mibuni peke yake. Alirudi na kahawa nyekundu, akaimwaga sakafuni na kuitandaza kwa miguu, mstari kwa mstari. Nikashika reki nimsaidie kuisambaza mpaka konani. Akanizuia kwa mkono.

"Hapo paache," akasema. "Hapo anapita mtoto."