Skuta ya Siku Arobaini

Mama mkwe wangu aliniuliza swali moja tu, nami nikalijibu kwa hasira. Hapo ndipo balaa lote lilipoanza. Nilikuwa nimempeleka mke wangu Kinondoni kwa mama yake, mimba ikiwa ya miezi saba, kwa sababu kwao mzazi wa mara ya kwanza hujifungulia kwa mamaye na hukaa huko mpaka arobaini itimie. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa Tabora, lakini desturi hiyo sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulikuja tulipokuwa tunaagana barazani.

"Na siku ya kumtoa utakuja na nini, baba?" aliuliza. "Maana mwanangu hatarudi Temeke kwa miguu na kichanga mkononi."

Hakunitukana. Mimi ndiye niliyesikia tusi. Nilisikia: wewe fundi cherehani wa kibarazani, uliyekuja pwani na kifurushi kimoja, una nini hata umuoe mwanangu? Nikamjibu, "Nitakuja na chombo changu mwenyewe, mama." Sikuwa na chombo. Hata baiskeli sikuwa nayo.

Nilichokuwa nacho ni tamaa ya kitu nilichokiona kila siku nyuma ya duka nililokuwa nashonea. Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliwahi kununua skuta, akaanguka nayo mtaroni wiki ileile, akaapa hataipanda tena. Ilikuwa imekaa uani masika mawili. Kutu ilikuwa imeila tumbo lake lote, na kuku alikuwa anatagia chini ya kiti. Nikaiomba. Akanipa kwa sharti la kumshonea nguo zote za harusi ya binti yake, na nadhani alinicheka nilipokuwa naisukuma kwenda Temeke, tairi zote mbili zimelala.

Sikujali. Mashine ni mashine, nilijiambia. Nilikuwa nimefungua na kufunga cherehani tangu ndevu hazijaniota, nikazijua kwa kugusa hata gizani. Huo ndio ujinga wa fundi: akishaijua kazi moja anadhani amezijua zote.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, wa kiume. Nilikwenda siku hiyohiyo, nikamwadhinia sikioni, nikamtazama mke wangu aliyelala amefungwa tumbo kwa kanga, nikarudi Temeke nina furaha na haraka. Kuanzia siku ile nilizihesabu siku arobaini kwa skuta, si kwa mtoto. Kila nikitoka kazini nilikaa nayo uani mpaka magharibi. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama waliooana. Niliimwagia mafuta ya taa siku nne, nikaigonga kwa kipande cha mti, nikaitukana kwa Kinyamwezi, lugha ambayo wapangaji wenzangu hawakuielewa, nayo ikatoka siku ya tano. Nilisimama pale uani nikacheka peke yangu. Ndicho kicheko pekee alichonipa mnyama yule.

Jumamosi nikafungua kabureta. Ndani yake mna kipande kidogo cha shaba, hakizidi punje ya mahindi, chenye kitundu chembamba ambacho petroli hupitia. Nilikisafisha, nikakiweka juu ya gunia pamoja na vyuma vingine. Adhana ya magharibi ikalia. Nikaliacha gunia palepale pembeni. Usiku nani atafagia? Kufagia usiku ni kufukuza riziki, kila mtu anajua, na mama mwenye nyumba wetu alilijua hilo kuliko wote. Nikalala kwa amani.

Alfajiri ndiyo niliyoisahau. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na uwanja mmoja wa mchanga, na mama mwenye nyumba, mjane aliyezaliwa hapohapo Temeke, hakumwachia mtu mwingine fagio. Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Uwanja mzima umechorwa mistari ya njiti za chelewa, safi, na gunia langu linaning'inia kwenye kamba, limekung'utwa.

"Shikamoo mama. Vyuma vyangu viko wapi?"

"Marahaba. Vyuma vyako nimekuwekea ndani ya kopo hilo. Mie si mwizi."

"Kuna kidogo cha shaba hakimo."

"Kidogo sikukiona. Gunia lilikuwa limejaa mchanga, mwanangu. Ulitaka niufuge?"

Nilikwenda jaani na ungo. Nilipepeta majivu, maganda ya mihogo, mifupa ya samaki, mchanga, halafu mchanga tena. Nilipata kifungo, nikapata sindano yangu mwenyewe iliyopotea zamani, nikapata jino la mtu. Jua likapanda mpaka utosini. Na siku ile ilikuwa Jumapili, siku ya saba ya mwanangu, siku ya kumnyoa na kumpa jina. Nilijua. Sitaki kujitetea kwamba nilisahau. Nilikuwa najiambia, bado ungo mmoja tu, kisha naondoka. Niliondoka baada ya adhuhuri, kwa miguu, bila kile kishaba, kucha zimejaa majivu.

Nilifika Kinondoni saa ya alasiri watu wamekwisha kula. Mtoto amenyolewa, kichwa kinang'aa mafuta. Jina lilikuwa limeshatolewa na mjomba wa mke wangu, maana baba hakuwapo na shehe alikuwa na shughuli nyingine. Mimi nilikuwa nimechagua jina la marehemu baba yangu, lakini sikuwa nimemwambia mtu. Mama mkwe alinikaribisha ndani. Aliniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kawa, nami nikala kwa kucha zilezile za majivu. Mke wangu ndiye aliyesema, taratibu, "Kichwa cha mtoto tumekilowesha mara mbili, kinakauka tunakungoja."

Mtu mwenye akili angeiacha skuta siku hiyo. Mimi nilirudi nikiwa nimekasirika, na badala ya kujikasirikia mwenyewe nikamkasirikia mama mwenye nyumba, chelewa zake na mchanga wote wa Temeke. Nikasema basi sasa lazima ile mashine itembee, la sivyo jina la mwanangu nimelipoteza bure. Ndivyo hasara inavyomfanya mtu: hujitupa nyuma yake kuifuata.

Kishaba kingine sikukipata. Mafundi wa mjini walinitazama kama niliyeuliza bei ya mwezi. Mwishowe nilikifungua kile cha kwenye stovu yangu ya mafuta ya taa, ambacho nacho kina kitundu. Hakikuingia sawasawa, nikakizungushia uzi wa kushonea na kuupaka sabuni ya mche. Kikakaa. Injini ikakohoa, ikazima. Kitundu kilikuwa chembamba mno. Nikakipanua kwa ncha ya sindano ya cherehani, kidogo tu. Ikawaka, ikatoa moshi mweupe mpaka majirani wakadhani nachoma nyumba, ikazima. Sasa kilikuwa kipana mno. Nikanunua stovu mbovu nyingine, nikaanza upya. Siku zote hizo nilikuwa nakula mihogo ya kuchoma ya njiani, maana stovu ya kupikia sina.

Jumapili tatu zilipita hivyo. Kinondoni nilikwenda mara moja tu, usiku, mtoto amelala. Vitu nilivituma: sukari, kanga, sabuni. Aliyevipeleka ni mama mwenye nyumba, mara mbili, kwa hiari yake na kwa miguu yake ya kizee. Alirudi mara ya pili akanikuta nimelala chini ya skuta.

"Mwanao ameanza kucheka," alisema.

"Anacheka na nani?"

"Na kila mtu. Hata na mie alicheka." Akakung'uta vumbi la miguuni. "Acha chuma hicho, fundi, nenda ukamwone mwanao."

"Nitakwenda nacho, mama. Siku zimebaki chache."

Alinyanyua mabega akaingia ndani. Nilisikitika, nakiri, nilisikitika kwamba mtoto amecheka sipo. Kisha nikarudia kukaza nati.

Siku ya arobaini skuta ilitembea. Ikishapata moto ilikuwa inazima yenyewe, lazima uingoje ipoe, lakini ilitembea. Niliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya nyumba, nikavaa kanzu nyeupe, nikaipandisha kanzu mapajani kama mvuvi. Nilipita Keko mafundi seremala wakaacha randa wakanitazama. Nilipita Ilala. Ilizima mara mbili, nikangoja mara mbili huku nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilipoingia Kinondoni niliminya honi tangu kona ya mtaa, na watu wote wa nyumba wakatoka barazani, kama nilivyotaka, kama nilivyoota kwa siku arobaini.

Mama mkwe aliizunguka skuta mara moja. Aligusa kiti kwa kidole.

"Imependeza," alisema, naye hakuwa anadhihaki. "Mtoto atakaa wapi?"

Nilitazama kiti, nikatazama mzigo wa mke wangu: godoro dogo, beseni, ndoo, matandiko. Naapa kwamba katika siku zote zile, katika kila nati niliyoikaza, sikuwahi kumweka mtoto juu ya skuta ile hata katika mawazo. Nilijiweka mimi. Nilijiona nafika.

"Mie nilipokuuliza utakuja na nini," alisema mama mkwe, "nilidhani utakodi teksi."

Mke wangu alitoka amevaa buibui, ananukia udi, mtoto kifuani. Alikuwa amenenepa na amependeza, nami nilitaka anitazame mimi kwanza. Aliitazama skuta.

"Kutoka Temeke kwa miguu ni mwendo wa saa mbili," alisema. "Ungekuja kila siku."

Mjomba wake akaenda kuita teksi. Walipakia godoro na beseni, wakaingia, nami nikawafuata nyuma nikila vumbi lao. Kwenye daraja la Msimbazi skuta ilizima. Niliona teksi inapanda kilima, inakwenda zake. Nadhani dereva hakujua kwamba mimi ni mtu wao. Niliisukuma kutoka pale mpaka Temeke, kanzu imeloa jasho na oili.

Nilipofika wapangaji wote walikuwa wameshampakata mtoto, mmoja baada ya mwingine. Niliikuta zamu ya mama mwenye nyumba, na mtoto anamchekea, ufizi wote nje. Nikasimama mlangoni, nikaita kwa furaha, "Yuko wapi mwanangu?" Akashtuka, uso ukakunjamana, akaanza kulia kwa nguvu.

Mke wangu akamchukua upesi, akamgeuzia ukutani.

"Punguza sauti, baba," aliniambia. "Hajaizoea."