Mtoki Siku ya Ndoa

Nacheka nikiusimulia mkasa huu, lakini nikiwa peke yangu hunichoma mpaka leo, maana niliaibika msikitini, mchana kweupe, mbele ya mkwe.

Nilikuwa fundi kwenye majumba ya Michenzani yakijengwa, nikakanyaga msumari zikiwa zimebaki siku nne nimuoe Zuwena, nikaufunga mguu kitambaa nikaendelea na kazi (ujinga wa kwanza huo). Siku ya tatu nikaamka na mtoki, uvimbe kwenye kinena mkubwa kama yai la kuku, na homa juu. Mama akaniuliza, "Mbona unachechemea?" Nikamwambia viatu vipya vinanibana. Ningemwambiaje? Kijana anayetaka kuoa akivimba pahala pale watu hawaulizi msumari, wanauliza ulikuwa kwa nani.

Basi Ijumaa, baada ya sala, tumekaa mkekani, shehe, mashahidi na Mzee Haji, babake Zuwena, kanishika mkono tayari kuniozesha, na mimi mguu nimeunyoosha (soksi nimevaa makusudi, kuficha kitambaa), wayo unamtazama yeye usoni.

"Kunja mguu, mwanangu," akasema kwa upole.

Nikakunja. Loo, maumivu yale! Nikapiga ukelele, nikamwachia mkono, nikajishika kinena kwa mikono miwili, na msikiti mzima ukanigeukia.

"Unaumwa nini?" akauliza Mzee Haji.

Hapo ndipo ningesema msumari. Nikasema, "Sina kitu." (Jasho linanitiririka, mikono iko palepale, na nnasema sina kitu.) Akanitazama, akainuka taratibu, akasema, "Binti yangu simtoi kwa mtu mwenye ugonjwa wa kuficha." Akatoka na jamaa zake wote.

Kule hospitali daktari hakuanza na kinena, alinivua soksi. "Uchafu wa kidonda hiki umepanda na vijishipa vya mguu," akanambia, "matezi ya kinenani yakauzuia usienee mwilini, ndiyo yakavimba. Kwa nini hukuja mapema?" Mama akaenda mbio kwa Mzee Haji na maneno hayo, lakini mzee akasema aliyekana mbele ya mashahidi leo ataaminiwa kwa lipi, na haikupita miezi Zuwena akaozwa mume mwengine, kijijini Chwaka.

Kabla hajaondoka alimwambia mama yangu, "Angesema tu, ningemkanda mwenyewe."

Tangu siku ile maradhi sifichi, nikiumwa nasema hata sijaulizwa. Wa kunikanda ndiye sina.