Chumba cha Katikati

Nyumba ninayoishi hapa Guangzhou ilijengwa na Mwingereza zama za Malkia Victoria, na nadhani alipokuwa akiichora bado alikuwa anaota baridi ya kwao. Ina mahali pa kuotea moto, katika mji ambao hata kuta zinatoka jasho. Ghorofa ya juu, ambayo tumepanga sisi, ina korido ndefu yenye giza, na vyumba vimejipanga upande mmoja: sebule ya mbele yenye madirisha marefu, kisha chumba cha katikati kisicho na dirisha hata moja, kisha choo, halafu jiko huko mwisho kabisa. Ukipika chai jikoni, ikifika sebuleni imeshapoa.

Niliipenda siku ya kwanza. Watu wa kwetu wakija huku wanakimbia: asubuhi soko la Shisanhang kwenye nguo za jumla, mchana kwa wakala wa mizigo, jioni wanabishana nani kapunjwa. Kazi yangu mimi ni kupokea marobota nyumbani, kuyakagua na kuyafunga, kisha kusubiri yachukuliwe kwenda bandarini Nansha. Kati ya robota na robota najilaza chali kwenye mbao za sebule na kutazama dari ilivyo mbali. Jua likipanda linapenya kwenye vioo vya rangi juu ya madirisha, na mwanga mwekundu na wa kijani unatembea sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta viatu vyake. Wengine huita hali hiyo uvivu. Mimi niliishia kidato cha nne, sina neno zuri zaidi.

Anayeiita uvivu ni dada yangu mkubwa. Biashara ni yake. Yeye yuko Morogoro dukani, na huja mara mbili kwa mwaka kuchagua mzigo. Safari iliyopita alilala chumba cha katikati. Akiwa njiani kwenda chooni akajikwaa kwenye robota la jinzi, akakaa pale pale koridoni na kutoa hukumu.

"Mdogo wangu, nikirudi Aprili nikakuta bado naruka viunzi kwenda kujisaidia, tunahama. Tunakwenda kule kwenye maghorofa mapya. Vyumba viwili, lifti, basi."

"Dada, kule dari unaigusa kwa mkono."

"Kwani wewe unaishi darini?"

Sikulala vizuri wiki nzima, na mimi si mtu wa kukosa usingizi. Nikaamua kuipanga upya nyumba mpaka dada mwenyewe akose la kusema.

Kosa langu ni la watu wa kazi hii. Tukiona nafasi yoyote, tunaona kontena. Nilipima vyumba vyote kwa mita za ujazo, nikachora vitanda na marobota sakafuni kwa tepu ya njano ya kufungia mizigo. Vizito chini, vyepesi juu, kitakachotoka kwanza kikae karibu na mlango, na usiache upenyo hata wa kupitisha mkono, maana upenyo ndio unaoangusha mzigo baharini. Nikamaliza siku mbili kabla dada hajafika. Korido ilikuwa tupu. Marobota yote yalisimama kwenye ukuta wa chumba cha katikati mpaka juu, yamebanana kama meno, na kitanda cha dada mbele yake. Hata dhoruba ingekuja, nyumba yangu isingetikisika.

Tatizo ni kwamba nyumba haikuwa na safari.

Kesho yake ukaja ule upepo wa kusini wenye unyevu, kuta zikaanza kutoka jasho. Mtu yeyote wa mji huu hufunga madirisha. Mimi niliyafungua yote, ili nyumba ikauke. Ilipofika mchana maji yalikuwa yanachuruzika ukutani, na vioo vimefunga ukungu mpaka nje palionekana kama mahali nilipowahi kusimuliwa tu.

Bibi mwenye nyumba, anayeishi chini, akapanda. Hakunisalimu. Alifunga madirisha moja baada ya jingine, akaja kusimama mbele ya mnara wangu, akapenyeza vidole nyuma ya robota. Vikatoka vimelowa. Akaongea na simu yake, simu ikanitafsiria kwa sauti ya kike isiyo na haraka.

"Bosi, umeweka nguo bafuni."

"Nimepanga kitaalamu, bibi."

"Na mlango umeupeleka wapi?"

"Mlango gani?"

Akaanza kuvuta marobota mwenyewe, kwa umri ule, ikabidi niwahi. Nyuma ya mzigo kulikuwa na plaiwudi iliyopakwa rangi, ambayo kwa miaka miwili niliiita ukuta. Tuliing'oa kwa bisibisi. Nyuma yake ukatokea mlango mpana wa vipande viwili, wa kwenda moja kwa moja sebuleni.

"Sisi watoto tulilala hapa," simu ikasema. "Mlango ukiwa wazi, asubuhi ilikuwa inatufikia."

Akausukuma. Mwanga ukaingia polepole, mweupe kwa ule ukungu, ukajaa chumba kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Hata vumbi lilisimama hewani, kama lililoitwa jina.

Dada alifika siku iliyofuata kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, jasho jembamba puani, akakuta marobota yote juu ya ngazi, yanakaushwa kwa feni.

"Haa! Viunzi umevihamishia mlangoni!"

Nilimpeleka chumba cha katikati. Akatazama mlango, akatazama sebule yote hadi kwenye madirisha, akakaa kitandani, akasema "Mh." Kisha akalala na viatu vyake. Nilikaa sebuleni saa tatu nzima, naogopa hata kukohoa.

"Nimeota niko kwa mama," alisema alipoamka. "Kumetulia. Halafu ikaja harufu ya jinzi mbichi."

"Nisamehe, dada."

"Nyumba hatuiachi. Mzigo ndio unahama. Wakala ana nafasi ghalani kwake."

"Asante sana, dada yangu."

"Subiri kushukuru. Ghalani atakaa nani?"

Nikatazama huku na huku. Tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa na tiketi ya kurudi.

Sasa kila asubuhi nafunga kwa ufunguo nyumba iliyopangika kuliko zote nilizowahi kuishi, napanda metro nimesimama hadi ghalani. Jana dada kanipigia kutoka dukani.

"Nyumba inaendeleaje?"

"Sijui, dada. Siku hizi inaniona mgongo tu."

Alicheka mpaka wateja wake wakauliza kuna nini.