Mteja wa Ianthe

Katika mji wa Speightstown kila mtu ana mahali pake pa kula Ijumaa, na hahami ovyo, kama asivyohama kanisa. Basi Ianthe Gittens, mwenye kibanda cha chakula, alipoambiwa kwamba Mzee Darnley, fundi viatu, ameonekana kwa Eudene ng'ambo ya barabara akila sima ya bamia na samaki arukaye, aliduwaa kama mke aliyesikia mumewe ana nyumba ya pili.

Miaka kumi na tisa mzee huyo alikula kwake tu. Hata alipomzika mkewe, jioni alikuja kula. Wiki tatu hakuonekana, na Ianthe alikuwa akimwombea, akidhani anaumwa. Kumbe! Tena kwa Eudene, aliyejifunzia kupika jikoni kwake, na ambaye sima yake ni uji wenye kiburi.

Ijumaa iliyofuata, saa sita mchana, alimwachia bintiye sufuria, akajifunga kilemba, akavuka. Mzee alikuwa kwenye benchi fupi, mgongo kaupa bahari, anakomba sahani.

"Leo jua limechomoza magharibi!" Eudene akasema. "Karibu, dada."

"Sikuja kula. Nimekuja kumwona aliyeacha mbachao kwa msala upitao."

"Ianthe, mwanangu, watu wanatutazama," mzee akanong'ona.

"Wakodoe! Huyu kanizidi nini? Samaki? Mchuzi?"

Eudene akacheka kwa uchungu. "Mchuzi? Hebu muulize ana nini mfukoni. Kila Ijumaa ananiaibisha!"

Akamchomolea mzee kichupa cha dawa kutoka kwenye koti. Ndani mlikuwa na pilipili ya manjano ya kusaga. Ianthe aliijua kabla hata hajainusa.

"Ulinipa Krismasi," mzee akasema. "Natia tone tu, isiishe."

Ianthe alimtazama Eudene alivyonuna, moyo ukamtulia kwa raha. Kumbe wivu ukiwa kwa mwenzio ni mtamu hivi!

"Sasa kama pilipili yangu waitaka, huku wafuata nini?"

Mzee akapapasa magoti yake. "Vile viti vyako."

Wakati wa Pasaka Ianthe alikuwa ametupa benchi zake zote, akaleta viti virefu ili wageni wa mashua za anasa waione bahari wakinywa. Wageni walivisifu, wakajipiga picha, wakaenda zao.

"Siku ile ya mwisho kuja kwako nilijaribu kupanda mara mbili," mzee akasema. "Mgeni mmoja akataka kuninyanyua kama mtoto. Nikakwambia nimeshiba. Nikarudi nyumbani na njaa."

Ianthe akakumbuka. Alikuwa akiwakatia wageni ndimu. Alimjibu, "Haya mzee, siku nyingine," bila kuinua uso.

"Keti basi, umesimama kama polisi," Eudene akamwambia, akamwekea sahani.

Akaketi kando ya mzee. Akaonja. Sima ilikuwa laini, na samaki ameiva vizuri mno, roho ikamuuma upya. Akashika ukingo wa benchi asije akasema neno, na vidole vyake vikagusa herufi mbili zilizochongwa kwa kisu chini ya mbao. Marehemu mumewe ndiye aliyezichonga.

"Eudene, benchi hii umeitoa wapi?"

"Nyuma ya soko. Si uliitupa mwenyewe?"

Mzee Darnley alisogea kidogo kumpa nafasi, kama alivyozoea kuwapa wenzake kwa miaka kumi na tisa, kwenye benchi hiyo hiyo.